Swali la mama wa mahamri

Wiki hii shemeji amejifungua salama (mapacha, ndiyo), mwalimu mkuu amepata uhamisho, na mimi kichwani nina mama wa mahamri tu.

Jumapili nilipita kwake. Alikuwa akigeuza mahamri kwenye karai, unga umempanda mpaka kiwikoni. Hakuinua macho.

"Mwanangu, zamani Jumapili wapita hapa na kitenge chako. Siku hizi wapita na kikapu. Kulikoni?"

"Nimechoka, bi mkubwa." Kwaya nimeiacha, na kanisani siendi tena.

"Umechoka na Mola, ama na waja wake?"

Nikalipa, nikashika njia. Lakini swali limenikwama. Kanisani hakuna aliyeniuliza. Si padri, si jumuiya, si hata wale tuliokuwa tukiimba nao sauti ya pili bega kwa bega. Aliyenikosa ni huyu, ambaye Ijumaa hufunga jiko mapema kwa ajili ya swala.

Alhamisi tuliwapeleka wanafunzi kwenye kanisa dogo la Wareno, lile la makuti kando ya bahari. Nikawasimulia kwamba mwaka 1542 mmisionari Francis Xavier alitia nanga hapa Malindi akielekea Goa, India, na katika barua yake akaandika kuwa Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji alimuuliza kama kwao Wakristo wanaenda kanisani, maana hapa ibada imepoa: misikiti 17, inayoendewa 3 tu. Hapo nikaangua kicheko peke yangu. Watoto wakageuka kutafuta tumbili. Kumbe mji huu una mazoea!

Jibu la Xavier silipendi, hata kama ni mtakatifu. Alimwambia kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Mtu amekuonyesha kidonda, wewe wamtia chumvi.

Muda wote huu nilikuwa nikiomba Mungu anitumie mtu wa kunijulia hali. Macho nimeyakodoa upande wa kanisani.

Leo asubuhi nikamrudia na jibu: "Na waja wake, bi mkubwa."

"Ah! Hao hata mimi wanichosha," akasema, akaniongezea hamri moja.

Nimecheka njia nzima. Ila mfereji bado haujatoa maji, na haya ya kisima yana chumvi, yamemtoa kitinda mimba vipele shingoni. Baba watoto asema ni joto. Mimi sidhani.