Nilivyouza haki za filamu bila kuiuza riwaya nzima

Prodyuza aliponipigia simu akitaka riwaya ya mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga, karatasi ya kusaini alikuwa nayo tayari. Ukurasa mmoja. Mwandishi anakabidhi haki zote za kazi yake, milele, kwa malipo ya mara moja. Kiasi chenyewe hakikuwa kibaya, na mwalimu alikuwa na nyumba ya kuezeka. Nilimwomba asisaini mpaka nimalize kusoma kila kitu kinachohusu kitabu hicho.

Mimi ni wakala wa waandishi. Kabla ya hapo nilikuwa mhariri wa vitabu Dar es Salaam. Kwetu kazi hii bado ngeni, na wengi hudhani wakala ni dalali: anakutanisha watu, anachukua chake, anaondoka. Ninachukua asilimia, ni kweli, kama wenzangu wa Uingereza ambao wengi hutoza 15 kwa mauzo ya nchini mwao. Lakini linapokuja suala la filamu, muda wangu mwingi unaishia kwenye vile ambavyo mwandishi hauzi.

Nilianza na mkataba wa zamani wa mchapishaji, uliopigwa taipureta. Ulimpa mchapishaji haki ya kuchapa na kuuza kitabu, basi. Filamu haikutajwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamwachia mwandishi uamuzi wa kuruhusu kazi yake igeuzwe kuwa kazi nyingine, kwa hiyo haki hiyo ilikuwa bado mikononi mwa mwalimu. Hata hivyo nilimfuata mchapishaji, nikaomba barua yenye saini na muhuri inayothibitisha kwamba hana dai lolote juu ya filamu.

"Mwanangu, si kitabu changu? Barua ya nini tena?" mwalimu aliniuliza.

"Ni chako, Mwalimu. Ila mwenye pesa atataka kuona karatasi tangu ulipokiandika hadi siku anayotoa pesa. Ikikosekana moja, hatoi."

Ndivyo ilivyo. Benki, mfuko wa filamu au kituo cha televisheni haviweki fedha kwenye hadithi ambayo kesho mtu mwingine atasema ni yake. Barua ile ndiyo iliyonipa nguvu ya kumrudia prodyuza na mkataba wangu.

Badala ya kuuza moja kwa moja, nilipendekeza kile watu wa filamu wanachokiita opsheni. Prodyuza analipa kiasi kidogo ili hadithi isiuzwe kwa mwingine wakati yeye anaandikisha skripti na kutafuta fedha. Tulikubaliana miezi 18, inayoweza kuongezwa mara moja kwa malipo mapya. Malipo ya kwanza yatakatwa kwenye bei kamili. Ya pili hayakatwi, ni ya mwandishi kwa kusubiri. Bei kamili inalipwa siku ya kwanza ya kupiga picha, nayo ni asilimia 2.5 ya bajeti, ikiwa na kima cha chini ambacho haitashuka hata bajeti ikiporomoka. Muda ukiisha bila picha kuanza kupigwa, haki zinarudi kwa mwalimu na pesa aliyokwisha kupokea harudishi.

Prodyuza alinung'unika kwamba riwaya ya Kiswahili haina soko nje. Nilimkumbusha *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotengenezwa filamu na Amil Shivji ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Hakubisha tena.

Nilimbakishia mwalimu haki za mchezo wa redio, za jukwaani na za kitabu kitakachoendeleza hadithi. Ya redio niliing'ang'ania hasa, maana hadithi hii inasikika. Inawahusu manamba, vibarua walioletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyokusanya wafanyakazi enzi za ukoloni, kutoka mbali kuja kukata mkonge, na kurasa nzima zinakwenda kwa nyimbo zao na kelele za korona, mashine ya kukamua majani.

Mvutano mkubwa haukuwa wa pesa. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo riwaya nene lazima ikatwe sana. Mwalimu aliposikia manyapara wake wawili wamefanywa mmoja, alikaa kimya, kisha akasema mmoja wao ni baba yake mdogo. Nilimweleza ninachokiamini: filamu ina haki ya kuwa na mwili wake, mradi isipoteze kilichomfanya aandike. Alikubali nyapara mmoja. Lakini prodyuza alipotaka hadithi ihamie wakati wa sasa, kwa sababu magari na mavazi ya zamani ni gharama, hapo mimi mwenyewe nilisimama. Manamba bila zama zao ni vibarua tu.

Tuliandika hivi: mabadiliko mengine mwandishi anaombwa maoni, ana siku 14 za kujibu, akinyamaza kazi inaendelea; lakini kubadilisha zama kunahitaji idhini yake ya maandishi. Ili kupunguza gharama, mwandishi wa skripti aliyaacha matukio ya mjini, akaifungia hadithi yote ndani ya shamba moja.

Mwalimu alisaini mbele ya wakili, binti yake akiwa shahidi. Malipo ya opsheni yalitosha mabati. Sasa prodyuza ameomba nyongeza na ameshalipa, skripti iko kwenye rasimu ya tatu, na mchapishaji anataka kukitoa kitabu upya filamu itakapotoka, jalada likiwa na picha ya filamu hiyo. Kifungu cha picha hiyo nilikiweka tangu mwanzo: mchapishaji atapewa bure.