Nyigu wa dirishani

Hapa Goma parsele yetu ni mawe meusi ya volkano tu. Sasa huyu nyigu mwenye kiuno chembamba kama uzi anatoa wapi udongo? Kumbe ni chini ya bidoni la maji linalovuja! Anafinyanga kidonge kwa taya, anaruka nacho hadi pembe ya dirisha, anajenga. Leo nimemwona akiingiza buibui. Hamuui, jamani: anamdunga apooze tu, nyama isioze. Anajaza chumba, humo humo anataga na yai moja, kisha anaziba mlango. Mtoto akianguliwa anakuta chakula kibichi, bila friji wala umeme! Mama jirani anasema nilete fagio nibomoe. Nimekataa. Mwenyewe yuko na buibui wake, wala hana habari na sisi.