Kumbukumbu ya Mradi: Winchester Model 12 ya Geji 16, Uhalisi Wake na Bei Yake

Tarehe 6 Januari

Bunduki imefika mezani kwangu leo mchana ikiwa imeviringishwa ndani ya blanketi la sufu. Ni mali ya bibi jirani yetu hapa Iowa, Marekani, mjane ambaye marehemu mumewe aliitumia kuwindia ndege wa porini waitwao feizanti kandokando ya mashamba ya mahindi kwa zaidi ya miaka 40, na sasa anataka kuiuza. Mfanyabiashara aliyeiona kabla yangu alimwambia kwamba mtutu umepakwa upya ile rangi ya samawati inayokikinga chuma, na kwamba kwa sababu hiyo haifai kuzidi dola 200. Bibi hakubishana naye, ila aliniomba niichunguze kwa kuwa anajua nimekuwa nikizisoma na kuzikusanya shotigani za zamani tangu nihamie huku. Nimemwahidi jibu lenye ushahidi, liwe la kumfurahisha au la.

Kabla ya jambo lingine lolote niliufungua mtambo, nikaitazama chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kisha nikapapasa kwa kidole mdomo wa bomba la risasi lililo chini ya mtutu ili kuhakikisha kwamba hakuna kitu. Hiyo ni kazi ya kufanywa kila mara bunduki inapoguswa, hata kama imeguswa dakika tano zilizopita.

Nimeitambua mara moja kuwa ni Winchester Model 12, shotigani ya pampu, yaani inayopakia risasi kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha chini ya mtutu, iliyobuniwa na mhandisi T. C. Johnson na kutengenezwa New Haven, Connecticut. Ilianza kuuzwa mwaka 1912 ikiwa ya geji 20 peke yake (geji ni kipimo cha upana wa ndani wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu huwa mwembamba), geji 12 na 16 zikafuata baadaye, na mpaka kiwanda kilipoacha kuitengeneza katika miaka ya 1960 zilikuwa zimetoka karibu milioni 2. Kwa wingi huo, umri pekee hauipi bunduki hii thamani kubwa. Kinachopandisha bei au kuishusha ni kiasi ambacho imebaki kama ilivyotoka kiwandani.

Tarehe 9 Januari

Leo nimeshughulikia namba na maandishi. Model 12 hutenganishwa vipande viwili kwa ajili ya safari, mtutu na bomba lake upande mmoja, bodi (sanduku la chuma lenye mtambo) na kitako upande mwingine, na kila upande hupigwa namba ya mfululizo kwa chini. Mtutu wa bunduki moja ukihamishiwa bodi ya nyingine, namba hizo hutofautiana. Hapa zinalingana tarakimu kwa tarakimu, na umbo la tarakimu ni moja pande zote mbili.

Kuhusu umri, nilitaka bunduki yenyewe iseme kabla sijafungua jedwali linaloonyesha kila namba ilitengenezwa mwaka gani. Imeandikwa Model 12, na si Model 1912, jambo linaloiweka baada ya mwaka 1919 jina lilipofupishwa. Mtutu wake una maneno ya kuonyesha kwamba ni wa chuma cha nikeli, maneno ambayo yaliacha kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nilipolifungua jedwali, likaiweka katikati ya miaka ya 1920, ndani kabisa ya mipaka hiyo. Ushahidi wa njia mbili ukikutana namna hii moyo wangu hutulia.

Tarehe 13 Januari

Siku hii nimeitumia yote kwa ile tuhuma ya rangi, kwa maana ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei.

Ni kweli kwamba mtutu ni mweusi wa samawati iliyokolea, ilhali bodi imechakaa hadi kuwa ya kijivu, na mtu anayeitazama kwa haraka anaweza kudhani kwamba kimoja kimeguswa na kingine hakikuguswa. Nilichukua kioo cha kukuzia na tochi ndogo, nikailaza tochi karibu sambamba na chuma ili mwanga upite juu ya maandishi kwa mshazari. Anayepaka rangi upya hulazimika kwanza kukisugua chuma, mara nyingi kwa gurudumu la mashine, na gurudumu halichagui: hulainisha kingo za herufi, huzigeuza pembe za bodi kuwa za mviringo, na huchimba kibonde chepesi kuzunguka kila tundu la skrubu. Hapa kingo za herufi zinakwaruza ukucha. Muhuri wa majaribio, zile herufi W na P ndani ya duara la yai, uko kwenye mtutu na kwenye bodi, na wote wawili umesimama wima bila kufifia. Matundu ya skrubu yana midomo mikali.

Kisha nikajiuliza uchakavu wenyewe uko wapi. Ukijivu umejaa chini ya bodi na pande zake mbili, mahali hasa ambapo mkono wa mwindaji huishika bunduki anapotembea kutwa nzima akiwa ameibeba kwa mkono mmoja, nao hufifia polepole kuelekea kingo. Jasho la kiganja cha mzee yule ndilo lililoiondoa rangi, miaka nenda miaka rudi, wakati mtutu haukuwa ukishikwa. Hakuna mashine iliyopita hapa. Rangi ni ya awali, na nakadiria kwamba imebaki kama asilimia 85 kwenye mtutu na asilimia 30 kwenye bodi.

Bibi alipopita jioni alitaka kuisafisha bodi kwa pamba ya chuma ili ing'ae. Nilimsihi sana asifanye hivyo, kwa kuwa wakusanyaji hulipia hata huo ukijivu wa uaminifu, na dakika kumi za kusugua zingempotezea fedha nyingi.

Tarehe 15 Januari

Urefu wa mtutu: nilifunga mtambo, nikateremsha kijiti ndani kutoka mdomoni mpaka kikagusa uso wa kifungio, kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, nikakitia alama. Inchi 28 kamili. Umeandikwa mbano kamili, yaani mdomo umebanwa ili chembe zisitawanyike haraka, na kipenyo kinathibitisha: milimita 16.8 katikati, milimita 16.1 mdomoni. Mtutu uliokatwa ungepoteza mbano huo.

Ndani ya bomba la risasi nilikuta kijiti cha mbao kilichochongwa kwa kisu, kimekuwa cheusi kwa mafuta. Tangu mwaka 1935 sheria ya Marekani inamtaka mwindaji wa bata na ndege wengine wahamao asiwe na risasi zaidi ya tatu katika shotigani, na kijiti hicho ndicho kilichoipunguzia bomba nafasi. Si kitu cha kiwandani, lakini nitakiacha kiende pamoja na bunduki.

Tarehe 20 Januari

Habari mbaya iko kwenye kitako. Mahali pa bamba gumu la mpira lenye jina la Winchester pamefungwa mto mwekundu wa kupunguza msukumo, nao una unene wa inchi moja. Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa mbao ni inchi 13, wakati urefu wa kawaida wa kitako cha Model 12, pamoja na bamba lake, ni karibu inchi 14. Mbao ilikatwa ili mto upate nafasi. Mti wa jozi ukishakatwa haurudi, na kwa mkusanyaji hili ni pigo kubwa.

Tarehe 24 Januari

Fundi bunduki mwenye leseni alitia kipimo ndani ya chemba, nacho kikasimama kwenye milimita 65. Zile geji 16 za zamani, kabla ya mwisho wa miaka ya 1920, zilitengenezwa kwa risasi za urefu huo, ilhali za leo ni milimita 70. Hatari yake ni kwamba risasi ya leo huingia bila tabu kwa kuwa mdomo wake umekunjwa, lakini unapofunguka wakati wa kufyatuliwa hukosa nafasi, ukaziba njia na kupandisha shinikizo kupita kiasi. Fundi anaweza kuirefusha chemba, na bunduki nyingi za rika hili zilifanyiwa hivyo. Nimemshauri bibi aiache ilivyo na amweleze mnunuzi wazi, kwa sababu chemba isiyoguswa ni sehemu ya uhalisi ambao tumeuthibitisha, na uamuzi huo ni haki ya mwenye bunduki anayekuja.

Tarehe 27 Januari

Makadirio yangu: kama kitako kingekuwa kizima, ningeomba dola 650. Kwa hali iliyopo, dola 425 ni bei ambayo naweza kuitetea mbele ya mnunuzi yeyote. Nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja, kukatwa kwa kitako kukiwa katika mstari wa kwanza na urefu wa chemba katika mstari wa pili.

Bibi aliyasoma mara mbili, akaenda karakana ya marehemu, akarudi na kopo la skrubu kuukuu. Chini kabisa lilikuwamo bamba la awali, jina la Winchester likisomeka vizuri. Nililiweka kwenye kitako, likazidi ukingo kwa milimita chache pande zote, kwa kuwa mbao hupungua upana kadiri inavyoelekea mbele. Haliwezi kufungwa tena. Nimelitia katika bahasha pamoja na kijiti cha mbao, na bahasha nimeifunga kwenye kifyatulio kwa uzi.