Giza, Mbalamwezi na Rejista ya Darasa la Sita

Mwaka 2023 nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi moja mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kukusanya alama, kupanga nafasi, kubandika matokeo ukutani na kupeleka nakala kwa Afisa Elimu Kata. Kisha kilifuata kikao cha tathmini, nacho nilikijua mwanzo hadi mwisho. Mwalimu Mkuu anasoma wastani, anauliza kwa nini Hisabati imeshuka, mwalimu wa somo anajibu kwamba watoto ni watoro, wengine wanaitikia kwamba wazazi wa ziwani hawajali shule. Tunafunga kikao.

Mwaka ule jumuiya yetu ya kujifunza ilikuwa imeanza, ile ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA kwa kifupi. Nikaomba tuitumie kutazama mtihani wa Hisabati wa darasa la sita kwa utaratibu niliofundishwa semina: mjadala wa hatua nne. Unatabiri kabla hujaona namba. Unasema unachokiona, basi. Unatoa maelezo, na yasiwe moja. Mwisho mnaamua la kufanya. Kila mtu anazungumza kwa zamu na hakuna kukatizana. Mimi niliongoza, mwenzangu akashika saa, mwingine akaandika.

Utabiri ulikwenda haraka. Karibu vikaratasi vyote viliandikwa kwamba MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, itakuwa imewashinda na wavulana watoro watakuwa mkiani.

Nikafunua bango kitita. Sikuwa nimeandika wastani. Nilikuwa nimechora swali kwa swali, nani kapata na nani kakosa, wavulana kwa rangi moja na wasichana kwa nyingine. MAGAZIJUTO walikuwa wameifanya vizuri tu. Walikoangukia ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini zisizolingana, pale mtoto anapotakiwa kutafuta KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) kwanza.

Hatua hii ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyotutoa jasho. Mmoja alianza, "Wamekosa kwa sababu..." nikamzuia. "Mwalimu, hiyo sababu iko wapi kwenye bango?" Akanyamaza, akatazama upya, akasema, "Naona wavulana wengi wamekosa swali la saba, lakini la sita wamepata." Kumbe tulikuwa hatujazoea kutazama. Tulizoea kuhukumu, na anayehukumu kwanza ni mwenye cheo, wengine wanamfuata. Siku ile zamu ilimfikia mwalimu wa kujitolea, binti mdogo kuliko sisi sote, ambaye vikaoni alikuwa hazungumzi. Akaomba rejista ya mahudhurio iletwe, na maandalio ya somo pia, tuone sehemu zilifundishwa tarehe zipi.

Tukaviweka mezani pamoja. Utoro ulikuwepo kama tulivyotabiri, ila haukutawanyika. Ulikuja kwa mafungu: siku kadhaa nafasi za wavulana zimejaa alama za kutokuwepo, halafu darasa linajaa, halafu fungu jingine. Sehemu zenye asili tofauti zilikuwa zimefundishwa katikati ya fungu mojawapo.

Tulipoingia hatua ya maelezo, mzee wetu mmoja, mwenyeji wa ufukwe ule, alisema, "Hizo ni siku za giza."

Wageni wa ziwa ilibidi tuelezwe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene, mwanga wa taa huwavuta karibu na chombo. Mbalamwezi ikitanda, taa hazina nguvu, vyombo vinapumzika. Kwenye giza mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wanaanikwa mchangani, wanageuzwa, wanaokotwa. Nyumba inahitaji kila mkono, hata wa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Lakini sheria yetu ilidai kila maelezo yaje na kitu cha kuyapima. Mzee akainuka, akaiteremsha kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia ukutani. Mwezi wa Kiislamu unaanza kwa mwezi mwandamo, kwa hiyo tarehe 13, 14 na 15 ndizo za mbalamwezi. Tukarudi nyuma kwenye rejista, mwezi baada ya mwezi. Siku darasa lilipojaa zilikaa karibu na katikati ya mwezi wa kalenda ile. Fungu moja la utoro halikufuata mwezi; tukaliandika hivyo hivyo, bila kulitafutia sababu ya kubuni.

Nilifurahi na nikaumia papo hapo. Watoto hawa tulikuwa tumewachapa jina la uvivu, na rejista yenye majibu ilikuwa kabatini muda wote. Sisemi mtoto akae ufukweni saa za masomo. Nafasi yake ni darasani, na wazazi tuliwaambia hivyo. Ila utoro unaoujua tarehe yake unaweza kuupangia.

Tukaamua mada mpya za Hisabati zifundishwe juma la mbalamwezi, na siku za giza ziwe za mazoezi na marudio. Mwalimu Mkuu akachukua jukumu la kuzungumza na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni, kisha akatuambia, "Kuanzia leo, azimio la kazi, yaani mpango wa mada na majuma yake, la darasa la sita linaandikwa kalenda hii ikiwa pembeni."

Tukabaki na wasichana. Rejista iliwaonyesha wapo, na bado wengi walikosa swali lile lile. Mwalimu mmoja alisema wanachelewa, maana wao ndio wanaoanika dagaa asubuhi. Hatukuwa na cha kuthibitisha, kwa sababu rejista yetu haikuandika saa. Tukaanza kuziandika.

Katika mtihani uliofuata wavulana walikuwa wamepanda kwenye sehemu. Wasichana walikuwa karibu pale pale. Safari hii tulikaa tukiwa na daftari la saa: siku za giza wengi wao walifika Hisabati, iliyokuwa kipindi cha kwanza, imeshakwisha. Tukabadilisha ratiba, Hisabati ikawa baada ya mapumziko ya saa nne asubuhi.