Moja iliyosomeka tisa

Wiki mbili nzima niliiangalia picha mbovu nikiamini ni nzuri.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma faili la zamani la SEG-Y, muundo wa kuhifadhi mwangwi wa mitetemo ya ardhini, kwa programu niliyoiandika mwenyewe. Nilijua baiti zake zimepangwa kinyume na za laptopu yangu, nikazigeuza. Picha ikatoka: matabaka ya ardhi yamelala vizuri, kila moja mahali pake. Nikamwita bosi. Akainamia skrini, kimya, halafu: "Mbona yote yana nguvu moja, kijana? Hili la katikati lilitakiwa liwake."

Nikaenda kuzitazama baiti zenyewe. Nikakuta 41 10 00 00. Laptopu yangu inasoma hiyo kuwa 9. Mashine iliyoiandika ilimaanisha 1.

SEG-Y ilitoka 1975, enzi ambazo mashine kubwa ni za IBM, nayo ikachukua namba za desimali kama kompyuta ya IBM System/360 ya 1964 ilivyozihifadhi: kipeo ni cha 16, yaani sehemu ya namba inazidishwa na 16 iliyopandishwa kipeo. Laptopu inafuata kanuni ya IEEE 754 ya 1985, kipeo cha 2. Zote ni biti 32, na hakuna alama ndani ya biti ya kukwambia hii ni ya nani.

Ubaya wake ni kwamba kosa lina adabu. 2 inakuwa 10, 7 inakuwa 15, 100 inakuwa 57. Sifuri inabaki sifuri, hasi inabaki hasi, kubwa inabaki kubwa. Kwa hiyo matabaka hayahami. Ila mwangwi wa 100, uliozidi wa 1 mara 100, sasa ni 57 kwa 9: unamzidi mara sita na kidogo. Bora ingetoka takataka tupu, ningeshtuka siku ileile.

Na faili lilishasema! Baiti ya 3225 na 3226 zinataja aina ya namba: 1 ni IBM, 5 ni IEEE (hiyo 5 imeingia 2002). Iliandikwa 1. Sikuisoma.

Dawa ilikuwa mistari minne: tenga alama ya hasi au chanya, punguza 64 kwenye kipeo, gawanya sehemu iliyobaki kwa 2 kwa kipeo cha 24, zidisha kwa 16 kwa kipeo kile kilichopunguzwa. Nikachora upya, tabaka la katikati likawaka.

"Ehee," bosi akasema, akarudi kwenye chai yake.