Nani Anaishikilia Sasa?

Ilikuwa Ramadhani, baada ya tarawehe, chumbani kwa Maalim, Jang'ombe. Tulikuwa tunasoma draiva ya kadi ya picha, tumefika pale programu inapoomba buferi, yaani kipande cha kumbukumbu cha kuwekea data. Linux ina GEM, utaratibu wa kusimamia buferi za kadi ya picha, tangu toleo la 2.6.28, mwaka 2008, na namna yake ilinivutia tangu siku ya kwanza: buferi ni mali ya kerneli, kiini cha mfumo, programu haipewi anwani yake, hupewa namba tu, yaani kishikio. Ni kama kipande cha mzigo bandarini Malindi ukipanda boti ya Pemba. Namba yako haina maana kwenye boti nyengine. Kila anayefungua kifaa ana jedwali lake.

Draiva ile iliunda buferi, ikatoa kishikio, ikaachia buferi kwa upande wake, kisha ikarudi kusoma ukubwa wa buferi ileile ili iijibu programu.

"Ikishaachia, nani anaishikilia?" Maalim akauliza.

"Kishikio peke yake, Maalim."

"Na kishikio kimo mikononi mwa nani?"

"Mwa programu."

"Haya, mwanangu. Na programu ina nyuzi ngapi?"

Hapo nikasimama. Namba hutolewa kuanzia 1 kwenda juu, kwa hiyo uzi wa pili, yaani mkondo mwengine wa kazi unaokwenda sambamba ndani ya programu ileile, hauhitaji kusubiri jibu; unabahatisha tu na kukifunga kishikio. Hesabu ya wanaoishikilia buferi inafika sifuri, kumbukumbu inaachiwa, nayo kerneli bado inasoma palepale, penginepo pameshapewa kitu chengine. Na mlango huo hufunguliwa na programu ya kawaida, si lazima mwenye mamlaka ya mashine. Hili khasa ndilo lililonitisha.

Tukaandika programu fupi: uzi mmoja unaomba buferi, mwengine unafunga namba 1 bila kupumzika. Kerneli tulikuwa tumeiwashia KASAN, mkaguzi wa kumbukumbu. Haikuchukua muda, ikalalamika: inasomwa kumbukumbu iliyokwishaachiwa.

Tiba ilikuwa kupanga mistari upya. Ukubwa usomwe kwanza, kishikio kitolewe mwisho, na draiva isiachie buferi mpaka imalize kazi yake yote. KASAN ikanyamaza. Maalim hakuridhika, akataka tukague kila pahala draiva inapotoa kishikio. Kwenye njia ya kuingiza kumbukumbu ya programu yenyewe tukakuta mpangilio uleule, tukaurekebisha kabla ya daku.