Msanii mkazi: soma barua kabla ya kusherehekea

Ukialikwa kuwa msanii mkazi au mwandishi mkazi, hongera sana. Sasa isome ile barua tena, polepole, maana cheo hicho peke yake hakikuhakikishii kitanda wala mshahara.

Hapa Nairobi neno "mkazi" limo kwenye vyeo vya kila aina. Hakimu mkazi ni mwajiriwa wa Mahakama, ngazi ya chini kabisa ya mahakimu, na kwa sheria ya 2015 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 5. Mratibu mkazi ndiye anayeongoza timu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa nchini. Msanii mkazi ni mgeni wa muda: taasisi inampa nafasi ya kufanya kazi yake mwenyewe, naye anakuwa karibu na watu wa taasisi hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoacha uhadhiri Nairobi mwaka 1969, alipata nafasi ya uandishi ya namna hiyo Makerere hadi 1970.

Uliza posho inabeba nini: kodi ya nyumba imo? Nauli? Rangi na turubai ananunua nani? Kupewa studio si kupewa nyumba; pengine lango hufungwa jioni na ufunguo unabaki kwa askari. Warsha nazo zitajwe kwa idadi na saa. Barua ikisema tu "atashirikiana na wanafunzi", utajikuta unafundisha wiki nzima na muswada haujasogea hata ukurasa.

Panapoumiza zaidi ni hakimiliki. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Barua ikikutaka uchore mural (mchoro mkubwa wa ukutani) ya ukumbi, hilo ni agizo. Kwa hiyo omba sentensi kama hii iingizwe kabla hujatia sahihi: "Hakimiliki ya kazi zote za kipindi hiki itabaki kwa msanii, taasisi inaweza kuzionyesha kwa miezi 12 bila kuziuza wala kuzichapisha upya." Taasisi yenye nia njema haitakataa. Ikikataa, jadilianeni bei ya haki hiyo kando na posho.

Kwenye wasifu wako andika cheo, taasisi, na miezi ya kuanza na kumaliza. Usijiite mhadhiri wa hapo, na muda ukiisha, tanguliza "aliyekuwa".